Kifusi cha Rais Mgeni

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Leo ni leo! Mgambo kapita asubuhi akipiga filimbi, tukakusanyika wote shuleni. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Method, kapanda juu ya dawati akatangaza: Jumamosi Rais wa nchi ya nje anapita hapa Nyamakendo. Hapa hapa kwetu! Anatoka Tarime kwenda Serengeti kutazama nyumbu. Nchi yake ina jina gumu. Nililiandika kiganjani, likafutika nikiosha vyombo. Ni huko kwenye baridi.

Kwenye ratiba hatumo. Msafara utapunguza mwendo tu. Lakini Method anasema tukipiga vigelegele vya kutosha mgeni ataona haya, atasimama. Akisimama anapewa kibuyu cha maziwa ya mgando, maana kwetu mgeni hapiti mlangoni bila kunywa.

Nimefurahi kuliko wote, kwa ajili ya mwanangu Deus. Nasema bila kujisifu: kata nzima ya Itiryo hakuna kijana kama yule. Kidato cha nne kamaliza. Matokeo tusiyazungumze, lakini kumaliza ni kumaliza. Kuna walioishia njiani. Sitaji mtoto wa mtu. Rubeni.

Sasa Deus ni mlinzi wa kifusi cha barabara mpya ya mgeni. Malori yanamwaga, greda linasambaza, Deus analinda. Kazi ya muda. Ila Injinia kamwahidi: barabara ikiwa salama mpaka mgeni apite, anamwajiri moja kwa moja. Ajira ya kudumu! Na kofia ngumu ya njano aliyoazimwa itakuwa yake! Mwaka jana kijana huyu alitaka kushuka mashimoni kuchimba dhahabu kama wenzake. Wenzake wawili hawakupanda tena. Kazi hii ya barabara naiombea nikilala na nikiamka.

Baba Deus anasema ziara za wakubwa hazina kitu. Mgeni atapita, vumbi litabaki. Nikamwambia, mgeni njoo mwenyeji apone. Akauliza apone ugonjwa gani. Nikampa ugali akanyamaza.

Jambo moja limenichoma. Wa kushika kibuyu mbele ya mgeni amechaguliwa Rubeni, mtoto wa jirani yangu Verdiana! Eti kwa sababu ana suti. Suti yenyewe mikono inaishia viwikoni. Verdiana alivyotoka pale shuleni, shingo kaisimamisha kama twiga. Sawa. Deus naye atavaa suti. Mgeni akimwona kijana amesimama kando ya barabara yake, suti mwilini, kofia ya njano kichwani, atamshika mkono. Injinia atamnyimaje kazi kijana aliyeshikwa mkono na Rais?

Suti nitaipata wapi? Mungu hamtupi mja wake.

Jumanne, 5 Agosti

Hakunitupa!

Nimempelekea Deus chakula kwenye lundo la kifusi. Wakati anakula mimi nikakaa juu ya lundo kupumzisha miguu. Jiwe likanichoma. Nikalitoa. Jeupe, lina mishipa ya kutu, linameta. Mtoto wa miaka mitano hapa kwetu anajua jiwe la namna hiyo. Malori yanachota kifusi kule kilimani ambako watu wamechimba dhahabu tangu mwaka juzi, nao wale madereva ni wa kutoka mbali. Wanaona udongo tu.

Nikajaza ndoo. Deus akaacha kula. Akasema mama, kifusi hiki ni cha serikali. Nikamweleza kwamba sichukui kifusi, nachukua kilichomo ndani. Kifusi chenyewe nitakirudisha. Akasema Injinia amemwonya hata jiwe moja lisitoke. Nikamwambia basi tazama kule kilimani, usione. Akatazama. Mtoto mtiifu sana.

Nikaponda, nikaosha mtoni kwa karai taratibu. Chembe! Ndogo kama jicho la sisimizi, lakini jicho.

Kifusi sikukirudisha. Nilisahau.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda Bomani, mjini Tarime, kwa Muzamil. Safari nimepewa lifti na lori la kifusi lenyewe, dereva ananiita mama. Muzamil mbele anauza nguo za mitumba, nyuma ananunua dhahabu. Baba yake alitoka Pangani akiwa fundi cherehani, naye kazaliwa hapa hapa Tarime, anaongea Kikurya kuliko mimi. Tumeamkiana vizuri. Dukani kajaza bendera ndogo za nchi ya mgeni. Nikaangalia jina la nchi ili nilinakili, limeandikwa kwa herufi ambazo hazipo.

Na yeye haamini ziara! Alinichekesha. Anasema amewaona wengi. Mkubwa anashuka kwenye ndege, anakanyaga zulia, anapewa mkuki na ngao, anapanda mti. Mbuzi anakula mti. Wakubwa wanatia saini karatasi, wanabadilishana kalamu, wanapigwa picha wakicheka. Mwaka unaofuata ni zamu ya wa kwetu kwenda kucheka kwao. Ndiyo uhusiano huo, Mama Deus.

Nikamuuliza bendera hizi nani anaziuza. Akasema yeye. Nikamuuliza zinanunuliwa? Akakohoa.

Nikamshushia yote. Barabara iliyotushinda tangu uhuru imechongwa wiki mbili. Mawe ya kando yamepakwa chokaa. Choo cha shule kimewekewa mlango, sasa mwalimu wa kike haimbi tena akiwa ndani ili watu wajue yumo. Zahanati imepata vitanda vipya. Akauliza vitanda vya nani. Nikasema vya kata ya jirani, vya kuazima. Akacheka mpaka akashika mizani. Nikamwambia cheka, lakini Mzee Mokami na kiuno chake kibovu kalalia kitanda tangu jana au hajalala? Hapo akakubali kwamba kalala.

Kisha kaiweka chembe yangu kwenye mizani. Mizani haikujisumbua. Akasema hii inatosha tai.

Tai peke yake! Lakini ni nyekundu, nzuri, ina michoro ya ndege. Suti ya kijivu kaniwekea kando, kasema nikileta chembe nyingine za kutosha ni yangu. Basi nimerudi na tai.

Alhamisi, 7 Agosti

Kosa si langu. Nilimwonyesha Verdiana tai, ujirani tu. Aache kudhani dunia nzima suti ni moja. Akauliza nimeipata wapi. Nikasema Mungu amemwangalia mtoto wangu. Badala ya kuangalia tai, akaangalia kucha zangu. Kucha zilikuwa nyekundu kwa udongo. Akasema hongera, dada. Akaondoka haraka. Sikupenda alivyoondoka.

Mchana nafika kwenye lundo na ndoo yangu, namkuta Verdiana na ndoo yake. Na shemeji yake. Na wanakwaya wake wote wa kanisani, sauti ya kwanza mpaka ya tatu. Na mke wa Mwenyekiti Method, kajifunika kanga usoni kama bibi harusi, tukamtambua kwa miguu.

Deus anazunguka anasema tafadhali mama, tafadhali mama. Angefanya nini? Kwetu mwanamke wa rika la mama yako ni mama yako. Humshiki mkono, humfokei, humnyang'anyi kitu. Ukimgusa utaitwa kwenye kikao cha wazee na utatoa mbuzi mpaka uishiwe. Na pale walikuwa mama zake wote wa kijiji, wameinama, wanajaza. Verdiana akamwambia mura, kijana wangu, sogea kidogo umekanyaga sehemu nzuri.

Nilimkemea Verdiana kwamba anamharibia mwanangu kazi. Akaniuliza ndoo niliyobeba ni ya maji? Mwanamke yule hana adabu.

Nimepata chembe nne.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Hakuna aliyelima.

Malundo yamekwisha. Yote! Kufika saa ya chakula wameanza barabara yenyewe, pale kwenye kona karibu na shule, ambapo kifusi kilishindiliwa kinene. Naandika "wameanza" lakini niseme ukweli, tumeanza. Injinia alikuwa Tarime siku nzima kwenye kikao cha mapokezi, wanapanga nani atasimama nyuma ya nani.

Mimi sikukaa sana. Nilichukua haki yangu nikapanda lori kwenda kwa Muzamil. Mizani leo ikainama. Suti nimeipata! Ya kijivu, vifungo vitatu, mfukoni kulikuwa na tiketi ya treni ya Ulaya. Labda ya huko kwao mgeni, ni ishara.

Narudi namkuta Deus peke yake kwenye kona na jembe. Anafukia shimo. Amefukia tangu wanawake walipoondoka, kwa udongo wa shambani, anarusharusha maji, anaruka juu yake kwa miguu kuushindilia. Shimo lenyewe ng'ombe angeweza kulala ndani akageuka. Hakuniamkia vizuri. Akasema mama, ile kazi nilikuwa nimeipata. Basi. Hakusema lingine, na chakula hakugusa.

Nikawakumbuka wale wenzake wawili wa mashimoni. Nilitaka kulia. Kisha nikamvalisha suti ajaribu, ikamkaa kama alipimwa! Nikaacha kulia.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Tulijipanga tangu jua linachomoza. Kwaya ya Verdiana upande wa kulia, wazee na litungu lao la nyuzi upande wa kushoto, Rubeni na kibuyu mbele, viwiko nje. Deus amesimama penye kona, suti, tai ya ndege, kofia ya njano. Jamani! Hata Baba Deus alimtazama mara mbili. Injinia amekuja na magari ya mbele, anasalimia watu, hajui kitu. Barabara kwa juu ilikuwa nyekundu, laini, inapendeza.

King'ora. Pikipiki zikapita. Gari la kwanza likapita. La pili likapita. Tukapiga vigelegele mpaka masikio yakaziba, na gari refu jeusi la mgeni halikuonyesha dalili ya kusimama.

Likafika kwenye kona. Likasimama.

Lilizama! Gurudumu la mbele lote, taa inatazama chini kama mbuzi anayekunywa maji. Vigelegele vikakatika katikati. Askari wakaruka kutoka kila upande. Injinia akalitazama shimo, akatazama makarai yaliyofichwa nyuma ya kwaya, akamtazama Deus. Sijawahi kuona macho kama yale. Deus akavua kofia ya njano akaishika mkononi, tayari kuirudisha.

Mlango ukafunguliwa. Mgeni akatoka. Mtu mrefu, mwekundu, mashavu ya mtoto. Akauliza jambo kwa lugha yake. Mkalimani, kijana wa Dar es Salaam mwenye miwani, akageuza: mheshimiwa anauliza hiki ni nini?

Injinia akanyoosha kidole kwa mwanangu.

Basi nikapita. Sijui miguu niliitoa wapi. Nikasema shikamoo mheshimiwa. Nikasema karibu. Nikasema hii ni mila yetu. Kwetu mgeni hapiti bila kunywa, na mgeni mkubwa ana haraka, kwa hiyo tunamchimbia shimo dogo njiani ili asimame. Mgeni akiwa mkubwa zaidi, na shimo linakuwa kubwa zaidi.

Mkalimani akapandisha miwani. Akageuza.

Mgeni akalitazama shimo. Lilikuwa kubwa sana. Akaweka mkono kifuani.

Kibuyu! Rubeni alikuwa ameganda kama mlingoti. Verdiana akamnyang'anya kibuyu, mimi nikamnyang'anya Verdiana, hakuachia, sikuachia, tukafika nacho mbele ya mgeni tumekishika wote wawili tukitabasamu. Akanywa. Maziwa yalikuwa yamekaa vizuri, yalikuwa makali. Jicho moja likatoa chozi. Akanywa tena. Mwanamume yule!

Kisha akauliza tuna shida gani. Hapo watu wote wakasema kwa pamoja. Maji. Dawa. Mwalimu wa hesabu. Mgodi mkubwa unaokuja utatuachia wapi pa kuchimba. Mzee Mokami akadai fahali wake aliyeibwa mwaka jana na kupelekwa ng'ambo ya mpaka. Tulisema mpaka tukachoka. Mkalimani akamgeukia mgeni akageuza kwa maneno mawili. Baadaye nilimuuliza alisema nini. Akasema amemwambia wanakukaribisha.

Wakati huo Deus alikuwa ameshaingia shimoni. Hakuambiwa na mtu. Alituma vijana walete magogo, akaweka mawe chini ya gurudumu, akahesabu, wakanyanyua. Suti ikapasuka mgongoni kutoka kola mpaka chini, prrr, wote tulisikia. Gari likatoka! Na mgeni akamshika mkono. MKONO. Ule wa kulia. Mpiga picha akapiga. Kisha wakaondoka na ving'ora vyao.

Injinia akamwambia Deus: Jumatatu, ofisini kwangu.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani Verdiana anamsimulia kila mtu kwamba kibuyu alishika yeye. Nimewaeleza kwamba yeye alishika chini.

Jioni tumesikiliza redio, kijiji kizima mlangoni kwetu. Wamesema viongozi wamekubaliana kuimarisha uhusiano. Mgeni amefurahia nyumbu. Nyumbu! Sisi na shimo letu hatukutajwa. Baba Deus akazima redio, akasema umeona. Lori nalo limekuja kuchukua vitanda vya zahanati, Mzee Mokami wamembeba na kitanda mpaka mlangoni ndipo akakubali kushuka.

Mlango wa choo umebaki. Naandika ili ijulikane. Umebaki.

Deus ameiosha ile kofia ya njano na kuianika juani. Anasema hawezi kuirudisha chafu. Nimekaa jikoni moshi ukaniingia machoni sana.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilimfuata kwa mbali. Ofisi ya Injinia ni hema, hema halina siri.

Injinia alimuuliza nani alianza. Deus angeweza kusema Verdiana! Ningekuwa mimi ningesema Verdiana. Akasema ni mama yangu mzazi, mzee, na sikuweza kumzuia, wala wale wengine. Nikajishika mdomo.

Injinia akasema mlinzi asiyeweza kumzuia mama yake si mlinzi. Kazi ya ulinzi imekwisha leo. Deus akaiweka kofia mezani, akasema asante. Akageuka.

Injinia akamwita. Akamuuliza Ijumaa nani alifukia lile shimo. Deus akasema yeye. Kwa amri ya nani? Hakuna aliyemwamuru. Kwa udongo gani? Akaeleza. Injinia akasema udongo ule ni wa mahindi, haubebi gari, lakini kuna mafundi wake wanaolipwa ambao wangeenda kulala. Na bila Deus lile gari lingekaa shimoni mpaka sasa, na yeye Injinia angekuwa anajieleza. Badala yake mgeni amewaambia wakubwa wa mkoa kwamba mila ya shimo ndiyo kitu kizuri kuliko vyote alivyoona. Sasa vijiji vya mbele vinaulizwa mashimo yao yako wapi.

Akamsogezea kofia. Kikosi cha ujenzi wa barabara, ajira ya kudumu! Nilipiga kigelegele, nikajibana nikiwa katikati. Injinia akapaza sauti, nadhani kuelekea upande wangu, akasema ila kituo chake ni kambi ya Mugumu, huko Serengeti, na sharti ni moja: mama asikanyage barabara yoyote ambayo mwanawe anaijenga.

Upepo ulivuma hapo. Sikusikia vizuri.

Jumapili, 17 Agosti

Deus ameondoka Jumatano. Kabebwa na greda, amekaa juu, kofia ya njano inaonekana mpaka kilimani. Nimewaambia wote kwamba Rais alishika mkono ule, na mkono ukapata kazi. Sasa Baba Deus aniambie tena ziara hazina faida! Leo amesema kijana amepata kazi kwa jembe lake. Nikamwambia jembe lingeshikwa vipi bila shimo, shimo lingechimbwa vipi bila barabara, barabara ingekuja vipi bila mgeni? Akaenda kulisha ng'ombe. Alishindwa.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Wakubwa hawatembeleani bure. Unafika, wenyeji wanafagia, wanapaka chokaa, kila mtu anakaa vizuri. Ukikaa kwako hakuna anayefagia.

Kwa hiyo nimeamua kufanya ziara Mugumu.

Nimemtumia Deus salamu kwa dereva wa lori. Kambi ifagiwe. Maziwa yawepo, yasiwe makali. Injinia ajulishwe kwamba mama wa yule kijana wa mkono wa Rais anakuja kumshukuru na jogoo, na kwamba lile sharti lake nalichukulia kama utani tu. Nitakaa siku chache tu, tuimarishe uhusiano.

Mgeni wa heshima haendi peke yake. Nimemwomba Verdiana awe kwenye msafara, na wanakwaya wake. Amekubali kabla sijamaliza kusema. Dereva ametuambia kifusi cha upande wa Mugumu ni cheusi, kizito, hakijaguswa na mtu. Nimewaambia wenye makarai wayabebe. Mimi siombi kitu. Ila mwenyeji akitaka kumpa mgeni zawadi, si vizuri kumkosesha chombo.